Ukitaka lehenga au sari ya kudarizi, igeuze kwanza ndo uulize bei

Ukishika nguo yoyote ya Kihindi yenye darizi, usiangalie mbele. Igeuze, angalia upande unaokaa kwenye ngozi, halafu ndo uanze habari ya bei. Mbele kila kitu kinang'aa, hasa kwenye yale maduka ya Chandni Chowk kule Delhi ambako taa ni kali, umekalishwa kwenye godoro limetandikwa shuka jeupe, chai imeletwa, na muuzaji anakufunulia lehenga (zile sketi pana za sherehe) moja juu ya nyingine mpaka macho yanachoka na unajikuta unasema haya basi nifungie hiyo hiyo. Nyuma ndo kuna ukweli wote. Kazi ya mkono utaona vifundo vidogo vidogo, uzi umeruka kutoka ua moja kwenda jingine, na maua hayalingani kabisa kabisa, moja limenenepa kidogo jingine limelala upande. Ya mashine nyuma kuna uzi wa aina moja unaokwenda sawasawa mwanzo mwisho, mara nyingi na kitambaa kigumu kama karatasi kimebandikwa kushikilia, na maua yote yamefanana hadi inachosha.

Sisemi ya mashine ni mbaya jamani. Za kuvaa kawaida mi mwenyewe nachukua za mashine na sioni shida. Shida ni kuuziwa ya mashine kwa bei ya mkono, na hilo linatokea kila siku. Lehenga nzima imejaa zardozi ya mkono, ile darizi nzito ya nyuzi za dhahabu, halafu mtu anakwambia rupia elfu tatu? Hapana, hiyo haiwezekani, fundi amekaa chini wiki na wiki, pesa hiyo haifiki hata ya ujira wake.

Sasa kabla ya darizi yenyewe, jua unatafuta nguo gani, maana ukiingia dukani ukisema tu nataka nguo ya Kihindi watakuletea duka zima. Sari ni kitambaa kimoja kirefu, cha kawaida mita 5 na nusu hivi, na nyingi zinakuja na kipande cha blauzi mwishoni, sentimita 80 hadi mita moja, unakikata unampa fundi. Lehenga ni ile sketi pana, choli ndo kiblauzi chake kifupi, na juu unatupia dupatta, yaani mtandio. Salwar kameez dukani wanaiita suti tu, ni gauni la juu, suruali na mtandio, na ukinunua haijashonwa unapewa vipande vitatu kwenye pakiti. Anarkali ni suti pia ila gauni lake limebana kifuani halafu linafunguka kwa vipande vilivyounganishwa vinavyoitwa kali, kadri kali zinavyokuwa nyingi ndivyo linavyozunguka ukigeuka. Halafu kuna sharara na gharara ambazo watu wanazichanganya sana, zote ni suruali pana, lakini gharara ina mshono magotini na pale chini ya goti ndo marinda yanaanza kumwagika, sharara inapanuka yenyewe kuanzia juu. Gharara ni ya watu wa Lucknow hasa, wale wa enzi za manawabu, yaani watawala wake wa zamani, na ukipata iliyoshonwa vizuri hakuna nguo ya heshima kama hiyo kwa maoni yangu, afadhali hata ya lehenga.

Kama ni mara yako ya kwanza na unakwenda harusini kama mgeni, chukua anarkali au sharara. Sari nzuri lakini inataka mazoezi, na lehenga nzito utakuwa umeibeba wewe badala ya yenyewe kukubeba. Zipo za maharusi zinazopita kilo 10, hizo muachie bi harusi. Na rangi nyekundu pia muachie yeye, kwenye harusi nyingi za Kihindu hasa za kaskazini nyekundu ni yake. Nyeupe tupu usivae, kwa desturi ya zamani ni ya msiba na ya wajane. Nyeusi siku hizi vijana wanavaa sana kwenye sherehe za jioni ila kama hao wenyeji ni wazee wa kushika mila usijitafutie maneno.

Haya, darizi.

Zardozi ndo ile nzito ya nyuzi za dhahabu na fedha, ilistawi sana kwenye makasri ya Wamughal, wafalme wa India wa zamani, enzi za mfalme Akbar huko karne ya 16, na mpaka leo Lucknow, Bhopal, Agra na Hyderabad ndo kwenyewe. Kitambaa kinavutwa kwenye fremu kubwa ya mbao inayoitwa adda, mafundi wanakaa chini kuizunguka, watatu wanne kwenye nguo moja, na mchoro unahamishwa kwa karatasi iliyotobolewa tundu tundu, wanapitisha unga wa chaki uliochanganywa na mafuta ya taa, vidoti vinabaki kwenye kitambaa, hapo ndo sindano inaanza. Vitu vinavyoshonwa pale ni vingi, kuna dabka ambayo ni waya mwembamba uliosokotwa kama springi, wanaukata vipande vidogo vidogo na kuushona kama shanga, kuna sitara zile za kumetameta, kuna lulu, kuna mawe. Zamani waya ulikuwa wa fedha yenyewe iliyopakwa dhahabu, siku hizi nyingi ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu au kabisa ni plastiki, na hilo sio siri, muulize muuzaji waziwazi atakwambia, wenyewe huo uzi wanauita zari na wanatofautisha zari halisi, zari ya shaba na zari ya plastiki, na bei zinakwenda kwa ngazi hizo.

Kuikagua zardozi fanya hivi. Pitisha kiganja taratibu kutoka juu kwenda chini. Ikikukwaruza kila mahali ujue ncha za waya hazijafichwa vizuri, itakula mtandio wako, itakula mkono wako, na itakula nguo ya kila mtu utakayemkumbatia siku hiyo. Kisha ishike mabegani uitikise mara mbili tatu juu ya ile shuka nyeupe, shanga zikidondoka dukani basi ukumbini itakuwaje. Halafu angalia mawe, yameshonwa au yamebandikwa kwa gundi? Ya gundi utaona utepe wa kitu kinachong'aa pembeni ya jiwe, na joto likizidi yanabanduka. Mwisho angalia kitambaa chenyewe, zardozi inataka kitambaa chenye nguvu, mahameli, satini nzito, hariri ghafi. Ukiona zardozi nzito imepigwa kwenye shifoni nyembamba bila bitana, kitambaa kitavutika na baada ya muda mfupi kitachanika pembeni ya maua, hiyo iache hata kama ni nzuri vipi.

Chikankari, au kwa kifupi chikan, ni kinyume chake kabisa. Hii ni ya Lucknow, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe au rangi laini za kupoza macho, na kwa mimi hii ndo darizi ya mwanamke asiyehitaji kupiga kelele. Kinachofurahisha ni kwamba nguo inakatwa kwanza, inapigwa chapa kwa vibao vya mbao kwa rangi ya bluu inayotoka na maji, wanawake wanadarizi majumbani kwao kijiji hiki na kile, mwisho nguo inaoshwa bluu yote inaisha. Kwa hiyo ukikuta alama za bluu bado zipo usiogope, hiyo haijaoshwa tu, na ni dalili nzuri kwamba imepitia mkononi. Mishono yake inahesabiwa kufika 32 kwa mila, wewe jua minne tu inatosha. Bakhiya inadariziwa kwa nyuma, uzi unapishana ndani na mbele unaona kivuli chake tu, kwa hiyo lazima kitambaa kiwe chepesi cha kuonyesha. Phanda na murri ni vile vifundo vilivyotuna, phanda ni ya duara kama punje ya mtama, murri imerefuka kama ya mchele, ukipitisha kidole unavihisi kabisa. Na jaali ni ule wavu katikati ya maua, nyuzi za kitambaa zinasogezwa na sindano na kukazwa bila kukatwa hata mmoja. Hapo kwenye jaali ndo mashine inaumbuka, tundu zake zimekatwa au zimeunguzwa, kingo ni ngumu. Angalia jaali, hisi murri, basi umemaliza kazi. Chikan ya Lucknow ina ulinzi wa kisheria wa jina kama bidhaa ya eneo tangu 2008 kwa hiyo unaweza kuuliza duka kama wana alama hiyo, na kwa kutafuta nenda masoko ya Chowk au Aminabad hapo hapo Lucknow, utachoka mwenyewe kuchagua.

Nyingine nazipitia harakaharaka. Phulkari ya Punjab ni maua makubwa ya nyuzi za hariri zisizosokotwa, inadariziwa kwa upande wa nyuma wa khadi, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, kwa kuhesabu nyuzi, na ikifunika kitambaa chote inaitwa bagh. Dupatta moja ya phulkari juu ya suti ya rangi moja imetosha, usiongeze kitu. Gota patti ya Rajasthan ni utepe wa dhahabu au fedha unaokatwa na kukunjwa kuwa majani na maua kisha unashonwa juu ya kitambaa, inang'aa kama zardozi lakini ni nyepesi sana, kwa hiyo kama unapenda kumetameta na hutaki mzigo hiyo ndo yako, tafuta Jaipur. Kazi ya vioo ni ya Kutch kule Gujarat, kagua kwamba kila kioo kimezungushiwa uzi pande zote na si plastiki ya kubandika. Kantha ya Bengal ni mshono wa kupitisha sindano moja kwa moja tu, ulianza kwa kuunganisha sari kuukuu kuwa matandiko, leo uko kwenye sari za hariri ya tasar na ni mzuri kwa mtu wa ofisini. Kashmir wana ya kwao kwenye sufu na pashmina, ile sufu laini sana ya mbuzi, sozni ni ya sindano laini mno, aari ni ya ndoano na inakwenda haraka zaidi ndo maana bei yake iko chini.

Sasa kuna jambo linachanganya watu, sari za Banarasi na Kanjivaram hazijadariziwa. Yale maua yamefumwa humo humo kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo ukaguzi wake ni mwingine. Banarasi ya Varanasi geuza nyuma, ile kazi bora inayoitwa kadhua kila ua limefumwa peke yake, nyuma ni safi hakuna nyuzi zinazoning'inia. Ile nyingine nyuzi zinapita upana wote halafu zinakatwa, nyuma utaona manyoya ya nyuzi zilizokatwa, sio feki ila bei lazima iwe chini na zari inaweza kunasa kwenye bangili. Kanjivaram ya Kanchipuram kule Tamil Nadu, ile ya jadi mwili na upindo vinafumwa kwa rangi tofauti na kuungana kwenye kitanda cha kufumia, ukitazama pale vinapokutana utaona mstari kama meno ya msumeno. Na zari yake ya asili, ukichokora kidogo uzi mmoja wa pembeni, ndani kuna hariri nyekundu. Ukikuta uzi mweupe wa plastiki ujue bei ishuke.

Kuhusu hariri yenyewe, India kuna alama inaitwa Silk Mark, ni lebo inayosimamiwa na shirika lililo chini ya bodi ya hariri ya serikali, ilianza 2004, inaning'inizwa kwenye nguo. Duka kubwa litakuwa nayo. Kama haipo, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome, hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika vidoleni, poliesta inayeyuka inabaki kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikataa kukupa hata uzi mmoja, aga kwa adabu toka, soko ni kubwa. Na kama kubishana bei sio fani yako nenda kwenye maduka ya serikali za majimbo pale Baba Kharak Singh Marg, New Delhi, bei imeandikwa na unaona kazi za nchi nzima kwenye mtaa mmoja, angalau ujue bei ya haki kabla hujaingia sokoni.

Fundi

Hapa ndo nguo nyingi nzuri zinafia. Kitambaa cha maana, darizi ya maana, halafu choli imeshonwa kama gunia. Nenda kupimwa ukiwa umevaa sidiria ile ile utakayovaa siku hiyo, na kwa lehenga nenda na viatu vile vile, maana urefu wa sketi unapimwa mpaka sakafuni na kisigino kikibadilika umeharibu. Mwambie fundi aache kitambaa cha ziada ndani ya mishono ya ubavuni, mafundi wa kule wengi wanaacha bila kuambiwa lakini sema, sentimita 3 hivi kila upande, ili ukinenepa ufungue na ukipungua ubane. Weka bitana ya pamba kwenye choli hata kama kitambaa ni kinene, jasho na zari ni maadui. Chini ya kwapa na ndani ya mkono mwambie asiweke darizi, hakuna anayeiona na itakuchubua usiku kucha. Mgongo ukiwa wazi sana na hujazoea, omba wavu au kitambaa chepesi, na zile kamba za nyuma zenye vishada zinapendeza lakini zisiwe ndo kitu pekee kinachoshikilia blauzi, weka na ndoano.

Halafu sari lazima iwekewe fall, ni utepe wa pamba unaoshonwa ndani ya upindo wa chini, unalinda darizi isisugue chini na unaipa sari uzito ianguke vizuri. Bila fall marinda yatapeperuka tu. Inashonwa kwa mkono, kila mtaa wa maduka ya sari kuna mtu anaifanya, mara nyingi siku hiyo hiyo. By the way blauzi na petikoti tunazoziona leo kama za tangu na tangu, aliyezieneza kwa kiasi kikubwa ni mama mmoja wa ukoo wa Tagore kule Bengal, Jnanadanandini Devi, karne ya 19, alitaka mavazi ambayo mwanamke anaweza kutoka nayo nje kwenda kwenye watu.

Kufunga sari mwenyewe

Kuna mitindo mingi sana, kila jimbo na wake, huu ni nivi, ndo wa kawaida. Vaa viatu kwanza. Vaa petikoti, ifunge kamba mpaka uone imebana kidogo, ikilegea sari yote inashuka na wewe uko katikati ya watu. Chukua ncha isiyo na mapambo, ichomeke kulia kidogo ya kitovu, sari yote iwe upande wako wa kushoto na chini iguse sakafu. Zungusha, ipite kushoto, mgongoni, irudi mbele upande wa kulia, huku unachomeka juu kiunoni kila hatua. Sasa kabla ya marinda chukua ile ncha ya mapambo, pallu, izungushe tena mgongoni, ipite chini ya mkono wa kulia na kifuani, iweke begani kushoto kwa muda ujue urefu unaotaka, nyuma ifike karibu na goti, bana kwa pini. Kitambaa kilichobaki mbele ndo cha marinda, kunja kwa upana wa kiganja, matano mpaka saba, yashike pamoja yatikise yanyooke, yachomeke kushoto kidogo ya kitovu yakitazama kushoto. Pini moja ndani, kwenye petikoti, isionekane. Kisha rudi begani upange pallu vizuri, kama ina darizi nzito ikunje na uibane, kama ni nyepesi iachie ianguke.

Sari za hariri nzito zinashika mkunjo vizuri, shifoni na jojeti zinateleza, kwa hiyo anayejifunza asianze na shifoni hata kama ndo nyepesi. Anza na pamba au hariri laini. Na pini iliyochomwa moja kwa moja kwenye zari inaacha tundu, weka kipande kidogo cha kitambaa katikati au ushanga nyuma ya pini.

Mapambo, usishindane na nguo. Zardozi mpaka shingoni basi mkufu wa nini? Vaa heleni kubwa tu na bangili. Chikan inapendeza na fedha au lulu, dhahabu nzito inaimeza.

Kutunza

Manukato jipulize kabla hujavaa, yakigusa zari inakuwa nyeusi na hairudi. Ukivua usikunje hapo hapo, ianike kivulini masaa kadhaa jasho likauke. Zardozi, Banarasi na Kanjivaram peleka kwa dobi wa kusafisha bila maji na umwambie kuna kazi ya mkono. Chikan ya pamba unaosha mwenyewe, maji baridi, sabuni laini, ndani nje, usikamue. Pasi siku zote kwa upande wa nyuma, chini tandika taulo nene darizi izame humo isilale.

Kuhifadhi, mfuko wa plastiki hapana, unafungia unyevu. Funga kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, lehenga nzito ilaze usiitundike, uzito wake utavuta kiuno mpaka mshono uachie. Vidonge vya nondo visiguse zari, vitundike pembeni ya kabati kwenye kitambaa. Na kila baada ya miezi miwili mitatu ifungue, ipigwe na hewa kidogo, uikunje kwa mistari mipya, kwa sababu sari ikikaa na mkunjo ule ule inakatika pale pale kwenye mkunjo, na mfumaji hata awe hodari vipi hawezi kukuungia isionekane.